Kutoka Ridhaa hadi Kulipwa: Safari ya Lydia Ko na Historia ya Mpaka katika Gofu

Kabla ya kusimulia habari za mchezaji yeyote, inafaa kuyatazama kwa makini maneno mawili ya Kiswahili cha michezo. La kwanza ni ridhaa. Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa hiari na mapenzi yake, bila kupokea ujira. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nasi tunalikuta pia katika ndoa na katika mikataba: mtu hutoa ridhaa yake, yaani hukubali bila kushurutishwa. La pili ni kulipwa. Mchezaji wa kulipwa ni yule ambaye mchezo ndiyo kazi yake na ndio unaompa riziki. Tazama namna maneno hayo yanavyoachana: la kwanza linataja nia ya moyo, la pili linataja fedha. Mtu anaweza kudhani kwamba anayelipwa hachezi tena kwa mapenzi, na kwamba asiyelipwa hana haja ya chakula.

Jumapili ya tarehe 26 Agosti 2012, katika mji wa Coquitlam karibu na Vancouver, nchini Kanada, tofauti kati ya maneno hayo mawili ilipata bei inayojulikana. Siku hiyo msichana wa miaka 15, Lydia Ko wa New Zealand, alishinda Mashindano ya Wazi ya Wanawake ya Kanada kwa kuwatangulia baadhi ya wachezaji bora kabisa duniani. Alikabidhiwa kombe na kupigiwa makofi, na jina lake likaingia katika orodha ya mabingwa. Hundi ya mshindi, ambayo ilikuwa ya dola 300,000 za Marekani, haikuandikwa jina lake. Ilikwenda kwa Inbee Park wa Korea Kusini, aliyemaliza wa pili, kwa sababu Park alikuwa mchezaji wa kulipwa na Lydia alikuwa wa ridhaa.

Makala haya yanaeleza jinsi msichana huyo alivyovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Lakini safari yake haieleweki vizuri bila kuujua mpaka wenyewe: nani aliuweka, kwa faida ya nani, na umebadilishwaje. Hilo ni somo la historia, na ni somo la uraia pia, kwa kuwa kanuni yoyote inayowagawa watu ilitungwa na watu.

Mchezo na mikwaju yake

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuuona mchezo huu, maelezo machache yatasaidia. Gofu huchezwa kwenye uwanja mpana wa nyasi wenye mashimo 18. Mchezaji huupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni, kisha huendelea na shimo linalofuata. Kila pigo huitwa mkwaju, na mwenye mikwaju michache zaidi ndiye mshindi. Kila uwanja una idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kuitumia, na mara nyingi idadi hiyo ni 72 au karibu na hapo. Kule Coquitlam mashindano yalidumu siku nne. Lydia alitumia mikwaju 275 kwa jumla, yaani 13 pungufu ya kiwango cha uwanja, na aliyemfuata alikuwa nyuma yake kwa mikwaju mitatu.

Katika mchezo huu hakuna mpinzani wa kukusukuma wala kukunyang'anya mpira. Kila mtu hupiga mpira wake, na hesabu ya mwisho haiangalii umri wala mshahara. Ndiyo maana mchezaji wa ridhaa anaweza kualikwa kucheza pamoja na wa kulipwa katika mashindano yaleyale, kwenye uwanja uleule, kwa kanuni zilezile. Tofauti hujitokeza mwishoni, wakati wa kugawa fedha.

Mpaka ulitoka wapi?

Gofu kama tunavyoijua ilikulia Uskoti, na mji wa St Andrews ndio unaohesabiwa kuwa makao yake makuu. Katika karne ya 19 wachezaji waligawanyika katika matabaka mawili. Kulikuwa na mabwana wenye mali, waliounda vilabu, wakalipa ada na kucheza kwa burudani. Na kulikuwa na watu wa kazi: waliochonga fimbo, waliotengeneza mipira, waliotunza nyasi, waliobeba mifuko ya mabwana na kuwafundisha kupiga. Hao wa pili ndio walioitwa wa kulipwa. Mara nyingi walikuwa hodari kuliko waajiri wao. Mashindano ya Wazi ya kwanza, yaliyofanyika Prestwick mwaka 1860, yalichezwa na watu wanane tu, wote wa kulipwa, na mwaka uliofuata ndipo wachezaji wa ridhaa walipokaribishwa kushiriki.

Basi tangu mwanzo mpaka huu haukuwa wa ustadi. Ulikuwa wa tabaka. Bwana aliyecheza bila malipo aliheshimiwa kwa sababu hakuhitaji malipo, ilhali fundi aliyelipwa alihesabiwa kuwa mtumishi. Kwa miaka mingi vilabu vya Uingereza havikuwaruhusu wachezaji wa kulipwa kuingia katika jengo la klabu. Mwaka 1920, katika Mashindano ya Wazi yaliyofanyika Deal, Mmarekani Walter Hagen alikataa kudharauliwa hivyo. Alikodi gari la kifahari, akaliegesha mbele ya jengo la klabu, na kulifanya chumba chake cha kubadilishia nguo. Watu walicheka, lakini ujumbe ulifika.

Wanawake walikuwa na mipaka miwili ya kuvuka. Nchini Uingereza chama chao cha gofu kiliundwa mwaka 1893, na mwaka huohuo Lady Margaret Scott akawa bingwa wa kwanza wa wanawake. Jina lake lenyewe linatuambia ni wanawake wa tabaka gani waliokuwa na nafasi na muda wa kucheza. Mwanamke aliyetaka kuifanya gofu kazi yake hakuwa na mahali pa kuifanyia. Mwaka 1935 Mmarekani Babe Didrikson, aliyekuwa tayari na medali za riadha za Olimpiki ya 1932, alinyimwa hadhi ya ridhaa na chama cha gofu cha nchi yake kwa kuwa alikuwa amekwisha kulipwa katika michezo mingine. Akawa mchezaji wa kulipwa katika dunia ambayo karibu haikuwa na mashindano ya wanawake wa kulipwa. Ilimbidi asubiri hadi mwaka 1943 ndipo arudishiwe hadhi ya ridhaa. Akatwaa ubingwa wa ridhaa wa Marekani mwaka 1946 na wa Uingereza mwaka 1947.

Mwaka 1950 Babe, pamoja na wenzake 12, walianzisha chama cha wanawake wa kulipwa nchini Marekani, kinachojulikana hadi leo kwa herufi LPGA. Mdogo kuliko wote miongoni mwa waanzilishi hao 13 alikuwa Marlene Bauer, msichana wa miaka 16. Msomaji auweke akilini umri huo, maana tutaurudia. Miaka 14 baadaye, mwaka 1964, Althea Gibson, aliyekuwa bingwa wa tenisi wa Wimbledon, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kujiunga na chama hicho. Baadhi ya vilabu vilimruhusu kucheza uwanjani lakini vikamzuia kuingia ndani, ikambidi abadilishe viatu ndani ya gari lake. Gari la Hagen lilikuwa kejeli ya tajiri. La Gibson lilikuwa lazima. Aliyejua kuyasoma magari hayo mawili angeijua historia nzima ya mlango wa klabu.

Mtoto wa Seoul, binti wa Auckland

Lydia Ko alizaliwa Seoul, Korea Kusini, tarehe 24 Aprili 1997. Alikuwa na umri wa miaka mitano alipoitembelea Australia pamoja na mama yake, na shangazi yao aliyeishi huko akampa fimbo za kuchezea. Muda mfupi baadaye familia ilihamia New Zealand. Mama yake alimpeleka kwenye klabu ya Pupuke, kaskazini mwa jiji la Auckland, na kumkabidhi kwa mwalimu aitwaye Guy Wilson. Mtoto huyo hakuwa akijua Kiingereza vizuri, wala hakuwa na ujuzi wowote wa mchezo. Wilson alimfundisha kwa takriban miaka 11. Alipofikisha umri wa miaka 12, Lydia akawa raia wa New Zealand.

Hapa tunapaswa kutua kidogo. Mara nyingi habari za watoto hodari husimuliwa kana kwamba kipaji kilianguka kutoka mbinguni. Ukweli ni kwamba kulikuwa na nchi iliyompokea mgeni na kumpa uraia, klabu ya mtaani iliyomfungulia milango, mwalimu aliyeanza na mtoto asiyejua kushika fimbo, na wazazi walioiacha nchi yao. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, lakini hakunjwi bila mkono wa kumkunja. Kila siku aliyocheza kwa ridhaa, kulikuwa na mtu mwingine aliyelipa.

Mwaka 2011 alimaliza wa pili katika Mashindano ya Wazi ya New South Wales, nchini Australia, yaliyokuwa ya wanawake wa kulipwa. Alirudi mwaka uliofuata. Tarehe 29 Januari 2012, akiwa na miaka 14, alishinda mashindano hayo mjini Sydney. Wakati huo hakukuwa na mtu aliyewahi kushinda mashindano ya gofu ya kulipwa akiwa na umri mdogo kiasi hicho, awe mwanamume au mwanamke. Mwezi Agosti mwaka huohuo alitwaa ubingwa wa ridhaa wa wanawake wa Marekani, uliochezewa Cleveland, kisha majuma mawili tu baadaye yakafuata yale ya Coquitlam. Tangu JoAnne Carner mwaka 1969, hakuna mchezaji wa ridhaa aliyekuwa ameshinda mashindano ya LPGA. Tena Lydia akawa mshindi mdogo kuliko wote katika historia ya chama hicho: miaka 15, miezi minne na siku mbili.

Wapo waliodhani kwamba ulikuwa ushindi wa bahati. Mwezi Februari 2013 alishinda Mashindano ya Wazi ya Wanawake ya New Zealand, nyumbani kwake. Mwezi Agosti alirudi Kanada, safari hii Edmonton, akatetea ubingwa wake kwa tofauti ya mikwaju mitano. Hundi ya dola 300,000 ikaenda tena kwa mtu wa pili, safari hii Mfaransa Karine Icher. Mwezi Septemba, huko Evian nchini Ufaransa, alimaliza wa pili katika moja ya mashindano makubwa kabisa ya mwaka, na fedha za nafasi hiyo pia hakuzipokea. Kufikia hapo alikuwa miongoni mwa wanawake watano bora duniani, pamoja na wote wanaolipwa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba Lydia alihamia upande wa kulipwa ili akue kimchezo. Kwa upande wa mikwaju alikwisha kuvuka zamani. Kilichobaki kilikuwa karatasi.

Sheria ya umri na ruhusa maalumu

Karatasi yenyewe haikuwa jambo dogo. LPGA ilikuwa na kanuni kwamba mwanachama lazima awe na umri wa miaka 18. Lydia alikuwa na miaka 16, yaani umri uleule aliokuwa nao Marlene Bauer alipokuwa mmoja wa waanzilishi. Chama kilichozaliwa na msichana wa miaka 16 kilikuwa kimejiwekea sheria ambayo ingemfungia mlango mwanzilishi wake mwenyewe.

Hata hivyo, tusiikejeli kanuni hiyo haraka. Mchezaji wa kulipwa husafiri mwaka mzima, hutia saini mikataba, na hubeba matumaini ya watu wanaomtegemea. Mtoto anayegeuzwa kuwa chanzo cha mapato ya wengine yuko katika hatari, na hatari hiyo ni kubwa zaidi pale ambapo wanaompenda ndio wanaonufaika. Sheria ya umri huwekwa ili kumkinga mtoto dhidi ya hatari ya namna hiyo. Tunazijua sheria za aina hii katika nchi zetu: umri wa kuajiriwa, umri wa kuolewa, umri wa kupiga kura.

Tarehe 23 Oktoba 2013 Lydia alitangaza kwamba anaacha ridhaa. Aliitoa habari hiyo kwa video fupi iliyosambazwa kwenye intaneti, akicheza gofu pamoja na Israel Dagg, mchezaji wa timu ya taifa ya raga ya New Zealand. Alikuwa ameomba LPGA imwondolee sharti la umri, na siku chache baadaye kamishna wa chama, Mike Whan, akamkubalia. Hakuwa wa kwanza kupewa ruhusa hiyo, kwani Lexi Thompson wa Marekani naye alikubaliwa kabla ya kutimiza miaka 18, baada ya kushinda mashindano ya LPGA mwaka 2011.

Kwa mwanafunzi wa uraia, kuna jambo la kujifunza katika uamuzi huo. Kanuni haikufutwa, na wasichana wengine waliendelea kulindwa nayo. Mwombaji alileta hoja zinazoweza kupimwa, yaani ushindi mara mbili katika mashindano ya chama chenyewe. Mwenye mamlaka aliamua waziwazi, kwa jina lake, akabeba dhamana ya uamuzi wake. Hivyo ndivyo ruhusa maalumu inavyotofautiana na upendeleo. Upendeleo hutolewa gizani kwa anayejulikana; ruhusa maalumu hutolewa mchana, kwa sababu zinazoweza kuelezwa kwa aliyenyimwa.

Faida na gharama za kulipwa

Mwezi Desemba 2013, nchini Taiwan, Lydia alishinda kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa. Mwezi Aprili 2014, siku tatu baada ya kutimiza miaka 17, alishinda karibu na San Francisco, na safari hii hundi ilikuwa yake. Mwisho wa mwaka huo alipata katika mashindano moja ya kufunga msimu dola 500,000 za ushindi pamoja na zawadi ya ziada ya dola milioni moja. Tarehe 2 Februari 2015, akiwa na miaka 17, akawa namba moja duniani. Hakuna mchezaji wa gofu, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kukifikia kilele hicho akiwa na umri mdogo kama wake. Mwezi Septemba alirudi Evian, mahali ambapo miaka miwili kabla hakulipwa hata senti, akatwaa ubingwa kwa mikwaju 63 katika siku ya mwisho. Mwaka 2016 akapata taji kubwa la pili, na medali ya fedha ya Olimpiki kule Rio de Janeiro, nyuma ya Inbee Park, mwanamke yuleyule aliyepokea hundi yake ya kwanza.

Lakini mchumia juani huungua kabla ya kufika kivulini. Mwaka 2017 ulipita bila ushindi hata mmoja. Alikuwa amebadilisha walimu, amebadilisha fimbo, amebadilisha wabeba mfuko, na kila badiliko lilijadiliwa na watu wasiomfahamu. Alishinda mara moja mwezi Aprili 2018, kisha akakaa miaka mitatu bila taji la LPGA. Mchezaji wa ridhaa anayeshindwa hurudi shuleni Jumatatu. Mchezaji wa kulipwa anayeshindwa hubaki mfanyakazi ambaye kazi yake haionekani, na kila mtu anajiona ana haki ya kumhoji. Lydia alikuwa na miaka 20 tu, umri ambao wengi ndipo wanapoanza kuchagua kazi, na tayari watu waliandika kana kwamba kazi yake imekwisha.

Alirudi kushinda mwezi Aprili 2021. Mwaka huohuo akapata medali ya shaba katika Olimpiki ya Tokyo, na mwezi Novemba 2022 akaupata tena unamba moja, zaidi ya miaka mitano baada ya kuupoteza. Tarehe 10 Agosti 2024, katika Olimpiki ya Paris, alipata dhahabu. Ushindi huo ulimfikisha kwenye pointi 27 zinazohitajika ili kuingia katika ukumbi wa heshima wa LPGA, naye alikuwa na umri wa miaka 27. Majuma mawili baadaye alishinda Mashindano ya Wazi ya Wanawake kwenye uwanja wa kale wa St Andrews. Msomaji akumbuke kwamba klabu kongwe ya mji huo ilipiga kura ya kuwakubali wanachama wanawake mwezi Septemba 2014. Lydia alipoingia katika kazi ya kulipwa, angeweza kuwa mchezaji bora wa dunia na bado asistahili kuwa mwanachama wa klabu hiyo. Mlango uliomlazimisha Hagen kubadilisha nguo garini ulikuwa umechukua karibu karne nyingine nzima kuwafungukia wanawake.

Mpaka unasogezwa

Tangu Januari 2022 kanuni za ridhaa zimelegezwa. Vyombo viwili vinavyosimamia gofu duniani, yaani R&A ya Uskoti na chama cha Marekani kiitwacho USGA, viliamua kwamba mchezaji wa ridhaa anaweza kupokea zawadi ya fedha hadi dola 1,000, na kwamba anaweza kudhaminiwa na makampuni bila kupoteza hadhi yake. Kwa nini? Kwa sababu ilionekana wazi kwamba kumzuia kijana kupata mdhamini hakulindi usafi wa mchezo, bali humwacha uwanjani yule tu ambaye wazazi wake wana uwezo.

Matokeo yake tuliyaona kwa Rose Zhang wa Marekani. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, mchezaji namba moja wa ridhaa, na alikuwa na wadhamini hata kabla ya kuacha ridhaa. Mwezi Juni 2023 alicheza mashindano yake ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, karibu na jiji la New York, akashinda palepale. Jambo hilo halikuwa limetokea katika LPGA tangu mwaka 1951. Kisha akaendelea na masomo yake. Lydia alilazimika kuchagua kati ya hundi na hadhi akiwa na miaka 15. Waliomfuata wamepewa njia pana zaidi.

Na huku kwetu?

Katika Afrika Mashariki gofu ilikuja na wakoloni wa Kiingereza. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na kama ilivyokuwa kwa vilabu vingine vya enzi hiyo, Mwafrika aliingia kama mfanyakazi: mkata nyasi, mpishi, mbeba mfuko. Yaani matabaka yale ya Uskoti yalihamishiwa kwetu na kupakwa rangi ya ngozi. Hata baada ya uhuru, gofu imebaki machoni pa wengi kuwa mchezo wa wakubwa, na msichana wa kawaida akipita kando ya uzio huona nyasi, haoni njia.

Lakini mwezi Desemba 2019, kwenye uwanja wa Vipingo katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, yalifanyika mashindano ya kufunga msimu wa ligi ya wanawake wa kulipwa ya Ulaya. Wachezaji wa ridhaa wa Kenya walipewa nafasi ya kucheza pamoja na wageni hao, kama Lydia alivyopewa kule Kanada. Aliyeshinda alikuwa Mjerumani wa miaka 20, Esther Henseleit, ambaye alikuwa ameacha ridhaa mwanzoni mwa mwaka huohuo. Alipiga mikwaju 64 siku ya mwisho na kupata taji lake la kwanza katika ligi hiyo. Miaka mitano baadaye, pale Paris, Lydia Ko aliposimama juu ya jukwaa na dhahabu yake, aliyesimama kando yake na medali ya fedha alikuwa Henseleit. Njia ya kwenda kwenye jukwaa la Olimpiki ilikuwa imepita Kilifi.

Kwa hiyo tusiseme kwamba habari hizi ni za mbali. Uwanja upo, na wasichana wapo. Kinachohitaji kuulizwa ni nani anayelipa gharama za ridhaa. Mtoto wa mkulima hawezi kucheza miaka 11 bila malipo kama hana klabu inayompokea, mwalimu anayemsubiri na shule inayomwelewa. Pale ambapo hayo hayapo, neno ridhaa hupoteza maana yake, kwa kuwa mtu hawezi kuridhia jambo ambalo hakupewa nafasi ya kulichagua.

Wapo wanaoogopa kwamba fedha humwondolea mchezaji mapenzi ya mchezo. Maisha ya Lydia Ko hayaoneshi hivyo. Wala fedha peke yake haielezi kwa nini aliendelea kucheza katika miaka ile mitatu ya ukame, alipokuwa na mali ya kutosha kukaa nyumbani. Inaelekea alikuwa bado akicheza kwa ridhaa, kwa maana ya asili ya neno hilo, huku akilipwa. Mpaka uliowekwa na mabwana wa karne ya 19 ulidai kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja ndani ya mtu mmoja. Mwanafunzi atakapoyakuta maneno ridhaa na kulipwa katika gazeti la michezo, ayasome akijua kwamba yanataja vyeo viwili vya kisheria, na kwamba cheo hakisemi lolote kuhusu moyo wa anayekibeba.